Kimulimuli na Mungu Mwenye Kujibu
(Somo katika Sura ya Taha)

Kijana mmoja aliyeingia katika Jumuiya yetu, naye hajatimiza mwaka, ametuletea barua yenye maswali mawili. Twalijibu hapa lile la kwanza, maana twajua ya kwamba si lake peke yake.

Kijana huyu anasoma sekondari. Mwalimu wao wa biolojia aliwaeleza darasani jinsi kimulimuli anavyotoa mwanga: mna vitu viwili tumboni mwake, na vikikutana na hewa hung'aa. Mwenzake wa dawati moja, ambaye hana dini, alimgeukia akamwambia, “Umesikia? Uliniambia vimulimuli ni dalili ya Mungu, kumbe ni dawa tu iliyochanganywa.” Kijana hakuwa na la kujibu. Anaandika ya kwamba kicheko cha mwenzake hakikumuudhi sana. Lililomchoma ni kuwa kwa ajili ya dini hii baba yake yuko katika mwezi wa nne hasemi naye, na usiku ule alilala akijiuliza kama ameilipa bei hiyo kwa imani iliyoweza kubomolewa na kipindi kimoja cha darasa.

Kuuliza si ujinga, na swali hili hasa si la ujinga. Tena halijibiwi kwa kumkemea mwalimu wa biolojia, kwani mwalimu amesema kweli. Basi tumtazame mdudu kwanza, kisha turudi kwenye Kurani Tukufu.

Kimulimuli si nzi wala si nondo. Ni jamii ya mbawakawa: ana mbawa mbili za juu zinazofunika mbawa nyingine laini za kurukia. Wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya aina 2,000 za vimulimuli duniani. Sehemu kubwa ya maisha yake watu hawaioni. Jike hutaga mayai yake katika udongo wenye unyevu au chini ya majani yaliyooza, na buu linalotoka humo hukaa chini kwa miezi mingi, na katika nchi za baridi pengine mwaka mmoja au miwili, likiwinda konokono na nyungunyungu. Huliuma windo lake, hulitia sumu ya kulilegeza, kisha hulila. Yule mdudu mpole tunayemwona akielea juu ya majani baada ya mvua ni mwindaji aliyestaafu. Aina nyingi, wakishaota mbawa, hula kidogo mno au hawali kabisa, na maisha waliyobakiwa nayo ni majuma machache tu.

Taa yake imo katika pingili za mwisho za tumbo, kwa upande wa chini, na ngozi ya mahali hapo hupitisha mwanga kama kioo. Nyuma ya taa mna tabaka ya chembechembe nyeupe za asidi ya uriki, ambazo huurudisha mwanga nje, kama kile kioo kilichomo ndani ya taa ya gari. Mabuu nayo hung'aa, ingawa hayana mbawa wala hayatafuti mwenzi. Huko kung'aa kwao ni onyo kwa vyura na wadudu walao wenzao, kwa maana vimulimuli wengi wana uchungu na sumu mwilini.

Waislamu wa zamani hawakumpita mdudu huyu bila ya kumtazama. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria (869 hivi), alipokuwa akizitaja aina za moto katika kitabu chake kikubwa juu ya wanyama, Kitab al-Hayawan, alimtia humo na mdudu huyu arukaye usiku. Alimweka katika mlango wa moto, na hapo ndipo penye ajabu, kwani moto huu hauunguzi. Mshike mkononi, utauona mwanga wala hutasikia joto.

Siri ya moto huo ilichukua muda mrefu kufunuliwa. Mwaka 1667 Mwingereza Robert Boyle alikitia katika chombo cha kioo kipande cha mti uliooza, wa ile namna ing'aayo gizani kwa sababu ya kuvu iliyomo ndani yake, akaivuta hewa kwa pampu. Mwanga ukafifia. Aliporudisha hewa, mwanga ukarudi. Kaa la moto likinyimwa hewa hivyo hufa, na ukilirudishia hewa haliwaki tena. Kwa hiyo ilidhihirika ya kwamba mwanga wa viumbe wahitaji hewa kama moto, lakini si moto.

Mwaka 1885 Mfaransa Raphaël Dubois aliendelea mbele kwa kutumia mbawakawa mwingine wa visiwa vya Karibi mwenye taa mbili mabegani. Alizisaga taa zake katika maji baridi, na maji yakang'aa kwa muda kisha yakazimika. Alisaga nyingine katika maji ya moto, nayo yakazimika mara moja. Kisha aliyaacha yapoe, akayachanganya yale maji mawili yaliyozimika, na mwanga ukatokea tena! Akafahamu ya kwamba ndani yake mna vitu viwili: kimoja kinachotumika mpaka kikaisha, na kingine kinachofanya kazi ya kukichochea, ambacho huharibiwa na joto. Hicho cha pili ni cha namna ile ambayo leo huitwa kimeng'enya. Alivipa majina ya lusiferini na lusiferasi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya mchukuaji mwanga. (Ndugu zetu Wakristo wasishtuke kwa jina hili wanalolijua kuwa la Shetani, Warumi waliliita hivyo kwanza nyota ya asubuhi.)

Kisha mwaka 1947, katika mji wa Baltimore huko Marekani, William McElroy alionyesha ya kwamba vitu hivyo viwili na hewa havitoshi. Hapana budi pawepo na ATP, kile kitu kidogo ambacho kila chembe ya uhai hukitumia kama fedha ya kununulia nguvu. Ili apate wadudu wa kutosha, alikuwa akiwalipa watoto wa mji senti 25 za Marekani kwa kila vimulimuli 100. Leo kazi ile ina faida ambayo wale watoto hawakuiota: lusiferini na lusiferasi hutumiwa kupimia usafi katika viwanda vya vyakula na katika hospitali, kwa kuwa palipo na vijidudu pana ATP, na palipo na ATP mchanganyiko huo hung'aa.

Na ni nani aifunguaye na kuifunga taa? Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tufts walieleza ya kwamba amri itokapo ubongoni, taa hutoa gesi iitwayo oksidi ya naitriki, nayo huiachia oksijeni nafasi ya kufika mahali lusiferini ilipo. Gesi ikiondoka, njia hufungwa. Mambo yote haya hutendeka katika sehemu ndogo ya sekunde, ndani ya mdudu ambaye urefu wake haufiki nusu ya kidole.

Hapa nataka kuwaonya kidogo ndugu zetu wahubiri. Vitabu vingi vya dini, vyetu na vya wengine, husema ya kwamba taa ya kimulimuli haipotezi hata chembe ya nguvu, na kwamba hapo ndipo binadamu anaposhindwa. Mwaka 1960 ilipimwa ikasemekana ya kuwa katika kila mara mia lusiferini inapotumika, mara 88 hutoka mwanga. Mwaka 2008 ilipimwa tena huko Japani kwa vyombo bora zaidi, ikaonekana ni mara 41 tu. Je, Mwenyezi Mungu amepungukiwa na kitu mwaka 2008? La hasha! Lakini mhubiri aliyeijenga hoja yake juu ya ile 88, naye akaiongeza mpaka ikawa mia, alipungukiwa. Kurani Tukufu inatukataza kulifuata tusilo na ujuzi nalo (17:37), na katazo hilo halikuwatoa wale wanaomtetea Mungu. Dini ya kweli haihitaji chumvi.

Sasa turudi kwa yule kijana. Barua yake iko mezani kwangu. Mtu wa kemikali aweza kunieleza wino huu umefanywa kwa nini, kwa nini umeshika katika karatasi, na kwa nini umekuwa wa rangi ya buluu. Atasema kweli tangu mwanzo mpaka mwisho. Lakini atakapomaliza, hatakuwa amegusa swali la nani aliyeandika na alikuwa akitaka nini. Swali hilo halimo katika wino, ingawa bila ya wino barua isingenifikia. Hivyo basi neno “tu” katika maneno ya yule rafiki, “dawa tu”, halikutoka kwa mwalimu wala halikutoka katika chombo chochote cha kupimia. Rafiki amelitia mwenyewe.

Katika Sura ya Taha, Firauni anamwuliza Nabii Musa a.s. Mola wao ni nani. (Sisi twaihesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya sura, mwenye msahafu usiohesabu hivyo aitazame aya iliyotangulia kila tunapotaja namba.) Musa a.s. angaliweza kutaja miujiza aliyokuwa nayo mkononi. Badala yake anataja mambo mawili yaliyomo katika kila kitu: kwamba Mola wake ndiye aliyekipa kila kitu umbo lake, kisha akakiongoza (20:51). Jibu hili ni fupi, lakini mwenye kulitafakari ataona ya kwamba limegawanya elimu yote ya viumbe katika mafungu mawili. Yale tuliyoyaeleza hata hapa, yaani taa, kioo chake, lusiferini na hewa, yote ni umbo. Bado uongozi.

Tumchukue kimulimuli mmoja ambaye wataalamu wamemchunguza sana, yule aitwaye Photinus pyralis, akaaye mashariki ya Marekani. Jioni za mwezi wa Juni dume huruka karibu na majani, na kila baada ya sekunde sita hivi humulika mara moja huku akipanda juu kidogo, hata mwanga wake huchora kama ndoana hewani. Kisha hungoja. Jike amekaa kimya majanini. Akiiona alama hiyo, naye akiwa ni wa aina ile ile, hukaa kiasi cha sekunde mbili, halafu hujibu kwa kumulika mara moja. Dume hugeuka, husogea, humulika tena, hujibiwa tena, mpaka wakutane. Ikiwa jibu limekuja mapema mno au limechelewa mno, hana haja nalo, maana huyo si wa kabila lake. Aina nyingine zina hesabu zao nyingine: kuna zinazomulika mara mbili haraka haraka, na kuna zinazokawia zaidi.

Mdudu huyu hakufundishwa na mtu. Alipotoka ardhini wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa, na siku zake za kuruka hazimtoshi kujifunza kwa kukosea. Aliambiwa na nani asubiri sekunde mbili? Mwenye kujibu ya kwamba desturi hiyo imejengeka pole pole kwa vizazi visivyohesabika hakumtoa Mungu mahali pake. Jina la kwanza la Mwenyezi Mungu analolitaja Mwislamu baada ya kumshukuru ni Rabb, nalo maana yake ni Yule anayelea kitu kutoka hatua moja hadi nyingine mpaka kikakamilika. Hazrat Mirza Tahir Ahmad, Khalifa wa Nne, amelieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1998 juu ya ufunuo, akili, elimu na kweli. Anayejua lugha hiyo na akisome.

Lakini sasa namwomba ndugu yetu asifurahi upesi, wala asikimbie kumwambia mwenzake kwamba ameshinda. Kwani hoja hii yote, hata ikikubaliwa, inamfikisha wapi? Dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini hakuna aliyejaza mtungi kwa mawingu. Seyidna Ahmad wa Qadian (1835–1908), Masihi Aliyeahidiwa a.s., alifundisha jambo ambalo mimi sijaliona likitiliwa mkazo namna hiyo kwa wengine: ya kwamba kuvitazama viumbe na kutumia akili humfikisha mtu mahali pa kusema kuwa yapasa awepo Mungu. Hakumfikishi mahali pa kusema kuwa yuko. Na baina ya “yapasa awepo” na “yuko” pana safari ndefu. Mtu aweza kukaa katika “yapasa awepo” maisha yake yote, akafanya na dhambi zake zote humo humo, kwa kuwa Mungu wa namna hiyo hajawahi kumwambia neno.

Ndiyo maana habari za Musa a.s. katika sura ile ile hazianzi kwa hoja aliyompa Firauni. Zinaanza kwa moto. Usiku, yuko njiani na watu wake, anauona moto kwa mbali, anawaambia wangoje ili huenda akawaletea kijinga, au akapata uongozi penye moto ule (20:11). Kama angalirudi kwa watu wake na kuwaeleza rangi ya moto na umbali wake, angalisema kweli, na habari zake zingaliishia hapo. Lakini aliuendea, na alipoufikia, aliitwa (20:12). Kuitwa ndiko kuliko­mfanya awe Musa tunayemjua. Yale aliyomwambia Firauni baadaye juu ya umbo na uongozi, aliyasema akiwa mtu aliyekwisha kusemeshwa.

Na tusome mbele zaidi katika sura hiyo hiyo. Musa a.s. anapokuwa mlimani, Msamiri anawatengenezea Wana wa Israeli ndama. Ndama yule aling'aa, maana alitokana na mapambo, na tena alikuwa na mlio (20:89). Kurani Tukufu inamkanusha kwa hoja gani? Ingaliweza kusema kwamba ni dhahabu tu, kama vile rafiki wa kijana wetu alivyosema “dawa tu”. Haikusema hivyo. Inauliza kama hawakuona ya kwamba hawarudishii neno, wala hana uwezo wa kuwadhuru wala kuwanufaisha (20:90). Yaani waliliabudu jambo lisilojibu. Basi na sisi Waislamu tuogope kwa hoja hii, kwani yule anayesema ya kwamba Mungu alisema zamani na sasa hasemi tena na mtu yeyote, naomba aitazame aya hii mara ya pili na aone anamfananisha Mola wake na nani.

Hapa ndipo kimulimuli arukaye peke yake gizani anapotufaa kuliko anavyotufaa katika mabishano. Yeye haridhiki na kumulika. Humulika, kisha hunyamaza akingoja jibu, na asipolipata husogea hatua chache akamulika tena. Sisi aghalabu twaswali na kuondoka. Mwenyezi Mungu amemwambia Mtukufu Mtume s.a.w. ya kwamba waja Wake wakimwuliza habari Zake, basi Yeye yu karibu, anayajibu maombi ya mwombaji anapomwomba, nao wamwitikie na kumwamini (2:187). Mtu akiniuliza ni dalili gani ya Mungu iliyo kubwa kuliko zote, sitamwonyesha mdudu wala nyota. Nitamwonyesha sijida, na nitamwomba avumilie.

Lakini huko nako kuna hatari, wala si haki kumficha anayetafuta. Huko huko Marekani kuna vimulimuli wa jamii nyingine, Photuris, ambao majike yao yana ujanja wa kutisha. James Lloyd wa Chuo Kikuu cha Florida aliutangaza mwaka 1965, na mwaka 1975 akaonyesha ya kwamba jike mmoja aweza kuigiza majibu ya aina zaidi ya moja. Dume la Photinus linapopita na kumulika, jike huyu mgeni hukaa kiasi kile kile cha muda ambacho angekaa jike wa kweli, kisha hujibu. Dume huona jibu sahihi, hushuka, naye humkamata na kumla. Mwaka 1997 Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walieleza faida anayoipata: ile sumu iliyomo katika mwili wa Photinus, ambayo yeye mwenyewe haitengenezi ya kumtosha, huihamishia mwilini mwake, na buibui humwogopa.

Mwenye haraka atasema: basi hata viumbe vya Mungu husema uongo. Mimi naona ya kwamba somo ni jingine. Ishara ya uongo hufaa kitu pale tu ambapo ipo ya kweli ya kuigwa; hakuna atengenezaye fedha ya bandia ya nchi isiyo na fedha. Ndama wa Msamiri alikuwa na mlio kwa sababu watu wale walikuwa wamekwisha kuzoea Mungu anayesema na Musa.

Kwa hiyo ndugu yetu asishangae akiomba, na jibu la kwanza linalomjia likawa limetoka katika nafsi yake mwenyewe. Aliye na njaa huota mkate. Anayetamani sana kurudi kwa baba yake aweza kuota baba akimwambia arudi, na anayetamani sana kuwa shujaa wa dini aweza kuota amevishwa kilemba. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alilieleza jambo hili kwa ukali na uwazi katika kitabu chake Haqiqatul Wahi, kilichochapishwa mwaka 1907. Humo aliwagawa waonao ndoto na kupata ufunuo katika madaraja matatu, akaonya ya kwamba mtu aweza kuona ndoto mbili tatu zilizotimia na bado asiwe na uhusiano wowote na Mwenyezi Mungu. Wapo walioangamia kwa ndoto moja ya kweli, kwani waliifanya kuwa cheo.

Jibu la Mungu hutambulikanaje basi? Sioni njia fupi. Jibu la nafsi hufuata tamaa, na kwa kawaida humwachia mtu vile vile alivyokuwa. Jibu la Mungu mara nyingi huja kinyume cha tulivyotarajia, huja na habari tusiyokuwa na njia ya kuijua au na msaada tusiokuwa na uwezo wa kuupata, tena hurudia. Zaidi ya hayo humgeuza mtu: ulimi wake huwa mpole, na dhambi aliyoizoea humchukiza. Na halipingani na Kurani Tukufu hata mara moja. Dume la Photinus hana kitabu cha kupimia jibu alilolipata, sisi tunacho.

Namshauri kijana wetu mambo mawili, na yote mawili si ya kubishana. Kwanza, aamke usiku, kabla ya alfajiri, aswali rakaa mbili, amwombe Mwenyezi Mungu kwa lugha yake mwenyewe amwonyeshe kama hatua aliyoichukua ni ya haki. Ndiyo, hata baada ya kuingia katika Jumuiya. Masihi Aliyeahidiwa a.s. aliwaita watu wamwulize Mungu Mwenyewe juu ya ukweli wake, na mtoto wa kweli haogopi baba yake kuulizwa. Asiweke siku ya mwisho ya kujibiwa, wala asimsimulie mwenzake wa dawati ndoto zake.

Pili ni juu ya mzazi wake. Baba asiyesema naye hakuhitaji kuambiwa habari za lusiferini, wala habari za kifo cha Yesu a.s. kwa sasa. Kurani Tukufu, hata pale inapomkataza mtu kuwatii wazazi wake katika shirki, inamwamuru akae nao duniani kwa wema (31:16). Basi amwamkie kila asubuhi, na asipoitikiwa aamkie kesho yake. Amchotee maji ya kuogea kama alivyokuwa akimchotea zamani. Shamba likihitaji jembe asingoje kuitwa. Na aone mwenyewe itachukua muda gani.

Swali lake la pili, juu ya majini na mianga ambayo watu husema wameiona makaburini, lahitaji nafasi yake. Tutalijibu katika toleo lijalo, Inshallah.